Shangazi, kalamu ya zamani imeniteka moyo. Niinunue?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nimeolewa, nina watoto wawili na kazi ya ofisini inayonifanya nichape kwenye kompyuta kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ninachokuandikia huenda wengine wakakiona cha kitoto, lakini hii ni wiki ya tatu kinaninyima usingizi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani. Jioni watu wasiojua kuandika walikuja nyumbani kwake awaandikie barua, naye aliwaandikia wote kwa kalamu yake moja ya wino. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pake. Kalamu yenyewe naikumbuka: nyeusi, kifuniko rangi ya fedha, kina mshale wa kuchomekea mfukoni. Kifuniko hakukizungusha, alikivuta tu, kikatoa mlio mdogo. Na nilikuwa nashangaa wino unatokea wapi, kwa sababu nibu haikuonekana. Kilichochungulia ni kincha kidogo tu. Babu alifariki nikiwa darasa la saba. Mjomba ndiye aliyekusanya vitu vyake. Kalamu sijui iliishia wapi.

Sasa nimeona kalamu kwa muuza vitu vya kale. Ni ya kampuni ya Sheaffer, ya kijani yenye mawimbi kama jiwe, ina kitone cheupe kwenye kifuniko na kijiti cha dhahabu ubavuni cha kuvutia wino. Kifuniko ni kijani kinachong'aa, mwili umeelekea kahawia. Muuzaji anasema ndivyo zilivyotengenezwa. Kijiti ni kigumu kunyanyuka. Ukiitikisa inachakacha ndani, naye anasema ni wino uliokauka. Hakuniruhusu niijaribu. Anasema nibu ni dhahabu ya karati 14, kwa hiyo pesa yangu haiwezi kupotea, na kwamba kuna mteja mwingine anarudi Jumamosi.

Bei ni robo ya mshahara wangu wa mwezi. Nilipomgusia mume wangu alisema kalamu ya biki inaandika vilevile. Nilikasirika, nikanyamaza, na tangu siku hiyo naweka pesa kidogo kidogo kwenye bahasha bila yeye kujua. Hilo linaniumiza kuliko kuikosa kalamu.

Nataka kuandika. Nataka kuwaandikia wanangu barua watakazosoma wakiwa wakubwa, kwa mkono, kama babu. Daftari nililinunua mwaka juzi. Nimejaza kurasa nne.

Niinunue, Shangazi, au niachane nayo?

Mjukuu wa Karani

—

Marahaba, mwanangu. Hakuna cha kitoto hapa. Nimeandika kwa kalamu za wino tangu nikiwa msichana, na za zamani nimezifungua na kuzifunga kwa mikono yangu kwa miaka mingi. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama shangazi, kisha kama fundi.

Nianze na jibu, kwa kuwa Jumamosi haiko mbali: hiyo ya kijani usiinunue kwa bei hiyo. Sababu umeziandika wewe mwenyewe bila kujua.

Ya kwanza ni ule mchakacho. Kalamu za namna hiyo hubeba wino ndani ya kifuko cha mpira. Ukinyanyua wenzo, yaani kile kijiti cha ubavuni, kibao cha chuma kilichomo ndani hukiminya kifuko na hewa ikatoka. Ukiurudisha, kifuko hujitanua na kunyonya wino. Mpira ule hauishi milele. Ukikaa miongo kadhaa hukauka, ukawa mgumu kama ganda, halafu ukavunjika vipande. Hivyo vipande ndivyo unavyovisikia. Wino ukikauka huganda pale ulipo, hauchezi. Na ugumu wa wenzo unatokana na hapohapo: kibao kimekutana na mpira uliogeuka mfupa. Ukirudi kwa huyo muuzaji, tafadhali usiulazimishe. Mimi niliwahi kuulazimisha, miaka ya mwanzo, nikidhani umeshika kutu tu. Ubavu wa kalamu ukapasuka mkononi mwangu, ufa wa urefu wa kucha, na haikuandika tena. Mpaka leo nikiikumbuka vidole vinanisisimka.

Kubadilisha kifuko ni kazi ya kawaida kwa anayeijua. Hupasha joto la taratibu pale shingo ya kalamu inapoingia mwilini, akaichomoa bila kuikamua, akakwangua mabaki yote, akakata kifuko kipya kwa kipimo chake, akakigandisha kwa gundi ya shelaki na kukipaka poda ya talki. Kifuko chenyewe ni kitu cha bei ndogo. Unacholipia ni mkono wa fundi. Ila lile joto ndipo penye hatari, na hili nalisema kwa wote wanaosoma: seluloidi, ile plastiki ya zamani ya kalamu hizo, ni ndugu wa filamu za sinema za zamani na wa pamba ya baruti. Hushika moto kwa kufumba na kufumbua. Mtu akikushauri utumie mshumaa au kiberiti, usimkabidhi kalamu yako.

Sababu ya pili ni rangi. Sheaffer walileta kalamu za seluloidi sokoni mwaka 1924, wakati kalamu nyingi zilikuwa bado za mpira mgumu mweusi, na hiyo ya kijani, waliyoiita Jade, ndiyo iliyotia fora. Watu hawakuwahi kuona kalamu yenye rangi kama ile. Sasa, mpira wa kifuko hutiwa salfa unapotengenezwa, na kadiri unavyozeeka hutoa mvuke unaopenya seluloidi polepole na kuigeuza kahawia. Kifuniko hakina kifuko ndani yake, ndiyo maana chako kimebaki kijani. Kiwandani vilitoka vikiwa rangi moja. Aliyekuambia ndivyo zilivyotengenezwa ama hajui anachokiuza au anajua vizuri mno, na vyovyote vile neno lake halitoshi kukuhakikishia mengine. Ukahawia ule hausuguliki ukatoka, umeshaingia ndani. Hauizuii kalamu kuandika, lakini wanaokusanya kalamu hizi hulipia ule ukijani, na wewe unaombwa ulipe bei ya ukijani ambao nusu yake haupo.

Kile kitone cheupe nacho usikipe uzito kuliko unaostahili. Kilianza mwaka huohuo wa 1924 kuonyesha kalamu iliyodhaminiwa kwa maisha yote ya mnunuzi. Mnunuzi huyo hakuwa wewe.

Na dhahabu. Karati 14 maana yake sehemu 14 katika 24 ndizo dhahabu, yaani kama asilimia 58. Ndiyo maana nibu nyingine huandikwa 585. Ni dhahabu ya kweli, sikatai. Lakini nibu ya kawaida mara nyingi haifiki hata gramu moja, kwa hiyo ukitaka kuhifadhi pesa katika dhahabu hiyo si njia yake. Dhahabu iliwekwa pale kwa sababu wino hauili. Kinachogusa karatasi si dhahabu, maana dhahabu ni laini na ingelika upesi. Ni chembe ya madini magumu ya jamii ya iridiamu iliyounganishwa kwenye ncha. Chembe hiyo ikiwa imelika au imedondoka, una kipande kizuri cha dhahabu kisichoandika. Kamwe usinunue nibu ya zamani bila kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Utafute vijivimbe viwili vilivyolingana, kimoja kila upande wa mpasuo, kama punje iliyopasuliwa katikati. Upande mmoja ukiwa mfupi au umechongoka, rudisha.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nirudie kuisoma barua yako.

Kalamu uliyoniandikia kwa upendo, ile ya babu, haina nasaba na hiyo ya kijani. Umesema nyeusi. Kifuniko rangi ya fedha, kinavutwa bila kuzungushwa. Mshale wa kuchomekea mfukoni. Nibu iliyojificha, kincha tu kinachungulia. Mwanangu, karibu kila neno hapo linaichora Parker 51. Ilianza kuuzwa mwaka 1941 na ikaendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1970. Jina lake lilitokana na mwaka ilipobuniwa, 1939, kampuni ya Parker ilipotimiza miaka 51. Nibu ilifunikwa ili wino usikauke ukiwa njiani, kwa kuwa walitaka itumie wino wa kukauka upesi ukishafika kwenye karatasi. Ule mlio mdogo uliousikia ukiwa miguuni pa babu ni kifuniko kikiachia vibanzi vya chuma vilivyokishika kwa ndani. Nimekivuta kifuniko cha namna hiyo mara nyingi sana. Najua hasa sauti unayoisema.

Sitaapa kuwa ilikuwa Parker. Kuna Hero za China zilizoifuata sura hiyohiyo, mshale na nibu ya kujificha, na ziliandika barua nyingi mikononi mwa watu. Kama ya babu ilikuwa Hero, ni kalamu ileile uliyoitazama ukiwa mtoto, na utaipata kwa pesa ndogo zaidi. Usione haya.

Ninachokuuliza ni hiki: moyo wako umeshikwa na ile nyeusi, mbona mkono unakwenda kwa ya kijani? Nadhani ni kwa sababu ya kijani ndiyo iliyo mbele yako, na ni nzuri. Hakuna ubaya kupenda kalamu kwa uzuri wake. Lakini ukiipeleka nyumbani ukiwa na matumaini ya kumsikia babu, utaifungua, utazungusha kifuniko, na hutasikia kitu.

Ukiamua kutafuta 51, tafuta ya kuanzia mwaka 1948, yenye mtindo wa kujaza wanaouita Aerometric. Ukifungua mwili utakuta mrija wa chuma wenye kibao cha kubonyeza. Unaizamisha ncha kwenye wino, unabonyeza mara kadhaa, unasubiri kidogo ivute, unafuta. Kifuko cha ndani si cha mpira bali ni cha plastiki inayopitisha mwanga, na cha ajabu ni kwamba vingi vyake bado vinafanya kazi baada ya miaka 70. Zile za kabla yake, zenye kitufe cha kusukuma mwishoni, zina ngozi ya mpira ndani inayohitaji kubadilishwa, kwa hiyo kwa kalamu ya kwanza ziache. Mwili wake ni wa akriliki, plastiki ya aina nyingine, hauna tabia ya seluloidi ya kugeuka rangi. Na zilitengenezwa kwa mamilioni. Hiyo ni habari njema kwako, kwa sababu hakuna mtu atakayekutisha kwa Jumamosi. Ikiondoka moja, nyingine ipo. Kizuri chajiuza, huyo anayekuhimiza ndiye wa kumwogopa.

Nikwambie na upungufu wake. Nibu ni ngumu, haikunjuki, kwa hiyo usitegemee mwandiko wa kunenepa na kukonda. Na kwa kuwa nibu imefichwa, mwanzoni utaishika imepinda kidogo nayo itakukwaruza au kukataa; izungushe vidoleni taratibu mpaka ipate upande wake. Wengine hilo huwachosha. Wewe uliyemwona babu akiishika, nadhani vidole vyako vitajua.

Yoyote utakayoinunua, usinunue isiyoandika. Neno "imekarabatiwa" halitoshi. Uliza kimebadilishwa nini, na kama muuzaji hawezi kujibu, chukulia hakuna kilichobadilishwa. Mwambie aichovye kwenye wino aandike mistari mitatu mbele yako. Asiyetaka wino, basi maji safi: ijaze, itoe, uone kama inarudisha maji yote. Kifuniko kitazame ukingoni ukikielekeza kwenye mwanga, maana nyufa nyembamba kama unywele huanzia hapo. Jina la mtu lililochongwa mwilini hupunguza bei kwa wakusanyaji, lakini mimi huzipenda hizo, huwa najiuliza aliandika nini. Na mkubaliane kwa maandishi kwamba ikikataa kuandika unarudisha. Muuzaji aliyekunyima kujaribu amekwisha kukujibu.

Wino pia ni wa kuchagua. Tumia wa kalamu za wino tu, ule wa maji na rangi, na bluu ya kawaida ndiyo salama kuliko zote kwa kalamu mzee. Wino wa kuchorea mara nyingi una shelaki. Ukikauka ndani umeziba kila njia. Na kalamu hizi zinataka kutumiwa. Ukiijaza ukaiacha miezi, itakauka, utalazimika kuiosha kwa maji ya baridi mpaka yatoke meupe. Ukijua hutaandika kwa wiki kadhaa, isafishe kwanza ndipo uiweke.

Hapo ndipo ninapolikumbuka daftari lako la kurasa nne. Sikulaumu. Lakini usiitwishe kalamu mzigo wa kukuandikisha. Nakuomba mwezi mmoja. Nunua kalamu ya wino ya kisasa ya bei ndogo, au azima, ukae nayo robo saa kila usiku, ukurasa mmoja kwa mwanao mmoja. Mtu aliyezoea biki hukandamiza; kalamu ya wino ukiikandamiza unaitanua meno, yaani zile pande mbili za mpasuo wa nibu, na mkono huchukua muda kujifunza kulegea. Afadhali ujifunzie kwenye ambayo haina miaka 70. Baada ya mwezi utakuwa na kurasa za kutosha kujua kama unataka kuandika au unataka kuwa na kalamu. Ukigundua ni la pili, bado unaweza kununua. Utanunua tu kwa bei inayolingana na hilo.

Kuhusu mume wako. Ile bahasha itoe leo. Si kwamba pesa yako lazima iombewe ruhusa, hapana, umeifanyia kazi. Ila umesema mwenyewe kuwa kuficha ndiko kunakokuumiza, na kalamu utakayoinunua kwa kuficha utaiandikia kwa kuficha, wakati barua unazotaka kuandika ni za watoto wake pia. Na sidhani alikupinga. Ulimwambia bei, akakujibu kuhusu bei. Je, ulimwambia habari za watu waliokuja jioni? Za mlio wa kifuniko? Mimi umeniambia, naye ana haki ya kuyasikia kabla yangu. Mweleze hivyohivyo ulivyoniandikia, kisha mseme kiasi ambacho hakitagusa ada wala chakula. Biki inaandika vilevile kweli, hapo hakukosea. Wewe unatafuta kitu kingine, na kitu hicho bado hajakisikia.

Halafu kuna sentensi moja uliipita mbio: "Kalamu sijui iliishia wapi." Hujui, au hujauliza? Mjomba yupo? Ulikuwa darasa la saba, hakuna mtu angekuja kukuuliza wewe kuhusu kalamu. Vitu vya karani aliyekufa huwekwa kwenye sanduku pamoja na vyeti, saa iliyosimama na miwani, na sanduku hilo hukaa juu ya kabati miaka 30 bila mtu kulifungua, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine amelipitia. Kabla ya Jumamosi mpigie simu mjomba. Usimwambie unatafuta kitu cha thamani. Mwambie unamkumbuka babu akiandika, umuulize kama anaikumbuka kalamu.

Ikipatikana, usiizungushe kwa nguvu, usiivute, usiipashe moto, hata ikiwa imegoma kabisa. Vuta kifuniko tu. Weka maji safi ya baridi kwenye glasi, kiasi cha kufunika ncha na sehemu ya chini ya shingo, uisimamishe humo usiku kucha. Wino wa zamani hulainika ukirudi kwenye maji. Asubuhi utakuta uzi wa rangi umeshuka kutoka kwenye kincha mpaka chini ya glasi, labda bluu, labda mweusi uliofifia. Huo ni wino alioujaza babu kwa mkono wake akiwa na barua ya mtu ya kuandika. Usiumwage haraka. Mwite mume wako na watoto wauone.

Nami niandikie uniambie ulikuwa rangi gani.

Shangazi yako